Misitu Tanzania haijabaki robo

Hapana mkuu, unasema misitu imebaki robo ya nchi, sio robo, Tanzania Bara bado ni nusu na ushee. Ile tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ripoti yake ilitoka 2015, ilipata hekta milioni 48.1 za misitu, kama asilimia 55 ya nchi kavu, ila usifikirie yote ni msitu mnene kama Amani au Udzungwa, sehemu kubwa ni miombo, miti imeachana, chini nyasi na jua linapita.

Kinachotisha ni kasi ya kupotea, hesabu ya serikali ya 2002 mpaka 2013 ilitoa karibu hekta 469,000 za misitu zinazopotea kwa mwaka, na watu wanalaumu mkaa tu wakati shamba ndo linamaliza kabisa. Mchoma mkaa akiondoka kisiki cha mtundu au myombo, miti ya huko kwenye miombo, kinachipua upya chenyewe, ukikiacha miaka unapata miti tena, sasa akija wa ufuta au mahindi anang'oa visiki na kupiga moto kila msimu, hapo sahau.

Zanzibar haimo kwenye hiyo ya NAFORMA, na namba zenyewe ni za muda kidogo so saivi tegemea pungufu.