Maswali Yenu: Taira Shinken na silaha za Okinawa

Mwalimu wetu wa karate humtaja Taira Shinken kila tukishika fimbo. Alifanya nini hasa?

Alikusanya kilichokuwa kinapotea. Alizaliwa 1897 katika kisiwa cha Kume, Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, akasoma karate Tokyo kwa Funakoshi Gichin, kisha silaha kwa Yabiku Moden. Zamani hizo kata za silaha, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, zilitawanyika: mzee huyu anayo moja ya fimbo, yule wa kisiwa jirani anayo ya sai, chuma chenye ncha tatu, na wengi hawakuwa na mrithi. Vita vya 1945 vikaiteketeza Okinawa. Taira alizifuata kata hizo kwa wenyewe, akajifunza, akazifundisha, hadi akawa na zipatazo 40 za silaha nane. Mwaka 1955 aliunda chama cha kuzihifadhi. Mimi namhesabu miongoni mwa walimu wakubwa wa karne yake, ingawa wacheza karate wengi hawamjui.

Ni kweli silaha hizo zote zilikuwa zana za wakulima?

Si zote. Mundu ni wa shambani, sawa. Lakini sai zilibebwa na askari wa ulinzi wa ufalme wa Ryukyu, ufalme wa zamani wa Okinawa, na fimbo ilifundishwa hata kwa watu wa tabaka la juu.

Nimesikia kuna kata ya kasia!

Ipo, ya wavuvi wa kisiwa cha Tsuken. Ncha ya kasia huchota mchanga na kuurusha machoni mwa adui.

Mwalimu akibuni kata mpya, hajaharibu urithi?

Inategemea kama anasema ukweli. Taira mwenyewe alitunga kata ya nanchaku (vijiti viwili vilivyounganishwa) na ya tekko (chuma cha kuvaa ngumini), akaziita Maezato, jina la ukoo aliozaliwa nalo. Hakudai ni za wahenga, kwa hiyo mpaka leo tunajua ipi ni ya kale na ipi ni yake. Kinachoniudhi ni mtu kubuni jambo jana na kuliita la miaka mia tatu.

Alipofariki 1970, nani alishika nafasi yake?

Okinawa ni Akamine Eisuke, na kwingineko Japani ni Inoue Motokatsu. Mitindo yao inatofautiana kidogo, nanyi msigombane kwa hilo.

Hapa kwetu hakuna mwalimu wa silaha. Video zinatosha?

Zitakukumbusha mpangilio, ila hazitakuona kiwiko kikitoka nje. Anza na fimbo ya futi sita, fanya mapigo ya msingi tu, na ukipata semina ya mwalimu ambaye inafahamika alifundishwa na nani, nenda akurekebishe kabla hujazoea makosa.