Kabla Hujanunua Kontroli Boksi Jingine

Maswali ya wasomaji kuhusu umeme wa magari

SWALI: Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Ilizima ghafla nikiwa barabarani. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Nikifungua swichi, taa ya injini kwenye dashibodi haionekani kabisa, na mashine ya kupimia hitilafu za gari haisomi chochote. Fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) limekufa, ninunue jingine. Nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usitoe hela bado. Dalili hizo zinathibitisha kwamba boksi halifanyi kazi, lakini hazionyeshi kama limekufa au limenyimwa umeme. Boksi zima lisilopata umeme au ethi (waya wa upande hasi wa betri), au ambalo volti 5 linazozipelekea sensa zimepiga shoti, hunyamaza vilevile: taa haiwaki, mashine haisomi, injini haishiki. Mabokisi mengi mazima yametupwa kwa kuruka vipimo vinavyofuata.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika isome volti 12.4 hadi 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Kisha nenda kwenye fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme) na rilei yake kuu, iliyo kwenye boksi la fyuzi. Usiiangalie fyuzi kwa macho tu. Fungua swichi, gusa pande zote mbili za mgongo wake kwa mita; kote usome umeme wa betri.

Hatua inayofuata ni kwenye boksi lenyewe, nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Acha plagi zake zikiwa zimechomekwa, upime kwa kupenyeza pini nyembamba nyuma ya plagi. Utakuta waya mmoja wenye umeme wakati wote, ambao hulinda kumbukumbu ya boksi, na nyaya nyingine zinazopata umeme swichi inapofunguliwa. Tumia mchoro wa gari lako, kwa sababu rangi za nyaya hutofautiana hata kati ya magari ya mwaka mmoja.

Hapa mafundi wengi hudanganywa na mita. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima ndani bado utasoma volti 12, kwa kuwa mita haivuti umeme wowote wa maana. Chukua globu ya taa ya breki ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea 2, uiunge kati ya waya unaoupima na ethi. Ikiwaka kwa mwanga kamili, waya ni mzima. Ikififia, tafuta palipooza. Kwa ethi, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa boksi na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, kisha mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, legeza bolti ya ethi kwenye injini, isugue hadi chuma king'ae, kaza tena.

Sasa zile volti 5. Boksi hutoa umeme huo kwa sensa kadhaa, ikiwemo ya throto (mlango wa hewa ya injini). Sensa moja ikipiga shoti, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, volti 5 hushuka karibu na sifuri na boksi lote hunyamaza. Pima kwenye plagi ya sensa ya throto, swichi ikiwa wazi. Pakiwa hakuna volti 5, chomoa sensa zinazotumia umeme huo moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Zikirudi ghafla baada ya kuchomoa sensa fulani, mbaya wako ni sensa hiyo, na boksi lako ni zima.

Kama umeme upo, ethi ni safi, sensa zote zimechomolewa na bado volti 5 hazitoki, basi boksi ndilo bovu. Lifungue. Tafuta kutu ya kijani, alama ya maji, kijisehemu kilichoungua au kapasita iliyovuja. Kisha, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, tafuta kilicholiua kabla hujaweka jingine. Pima nozeli zote nne zinazopuliza mafuta: kila moja iwe kati ya omu 12 na 16, na zikaribiane. Vali ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali za injini kufunguka) isome karibu omu 7. Injini ikishawaka, pima chaji ya alteneta. Ikipita volti 15 hata boksi jipya linaweza kuungua. Palipoonekana maji, fuatilia mpira wa kioo cha mbele na bomba la kutolea maji ya AC, ambalo likiziba humwaga maji ndani ya gari, upande uleule lilipo boksi.

SWALI: Nimeweka kontroli boksi la mtumba kwenye Toyota yangu. Injini inawaka sekunde mbili kisha inazima, na taa ndogo yenye alama ya ufunguo inamwekamweka. Muuzaji anasema boksi ni zima. Nani mkweli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Huenda muuzaji ni mkweli. Hiyo ni imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi wa gari. Boksi limetoka kwenye gari jingine na halitambui ufunguo wako, kwa hiyo linakata mafuta.

Lakini hakikisha kwanza namba zinalingana. Kwenye stika ya boksi la injini la Toyota kuna namba inayoanza na 89661, kistari, kisha tarakimu au herufi tano. Zote zifanane na za boksi lako la zamani. Umbo na plagi kufanana hakutoshi: la gari la gia za mkono na la otomatiki yanaweza kuingia plagi zilezile, halafu gia zikakataa kubadilika. Ukienda kununua vipuri Kirinyaga Road, au Gerezani kwa walioko Dar es Salaam, nenda na boksi lako mkononi badala ya picha.

Namba zikilingana, una njia tatu. Ya kwanza ni kununua seti nzima kutoka gari moja: boksi, ufunguo wenye chipu na kifaa cha imobilaiza. Ya pili, ambayo sisi tunaipendelea, ni kuhamisha kumbukumbu. Ndani ya boksi kuna chipu ndogo ya miguu 8, mara nyingi ya aina ya 93C56, inayotunza siri za ufunguo. Fundi wa elektroniki husoma data ya chipu ya zamani na kuiandika kwenye boksi la mtumba. Hakikisha anahifadhi nakala za chipu zote mbili kabla ya kuandika, kwani akikosea bila nakala umepoteza yote.

Njia ya tatu haina gharama, ila hufanya kazi tu kwenye baadhi ya Toyota ambazo kifaa cha imobilaiza kimetengana na boksi la injini. Kwenye soketi ya kupimia yenye matundu 16 chini ya usukani, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya. Fungua swichi bila kupiga stata, acha dakika 30, funga, toa waya, kisha washa. Hesabu matundu kwa makini: 1 hadi 8 ni safu ya juu, 9 hadi 16 ya chini. La 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukiliunganisha na la 4 umepiga shoti. Betri iwe na chaja muda huo wote.

Wakati wa kubadilisha, toa kichwa hasi cha betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, ili eabegi (mfuko wa hewa) isilipuke. Usiguse pini za boksi kwa vidole. Injini ikishawaka, iache izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta ipate moto kwa dakika 10 hivi huku AC ikiwa imezimwa, ili boksi lijifunze upya.

SWALI: Nataka kuchomelea sakafu ya gari iliyooza. Je, kutoa betri kunatosha kulinda kontroli boksi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Toa vichwa vyote viwili vya betri, kisha bana ethi ya mashine ya kuchomelea kwenye chuma kilekile unachochomelea, sentimita chache tu kutoka kwenye moto. Ukiibana mbali, mkondo wa mamia ya ampea hutafuta njia kupitia nyaya za ethi za gari, na boksi limefungwa kwenye nyaya hizo. Sakafu ya upande wa abiria iko karibu mno na boksi, kwa hiyo huko chomoa plagi zake na ulitoe kabisa. Ni bolti chache tu za namba 10.