Idadi ya Mbegu Nzuri, Mimba Hakuna: Ulizia Kingamwili

Majibu yangu ya kwanza ya shahawa yalionyesha idadi nzuri ya mbegu. Pembeni, mtu wa maabara alikuwa ameandika kwamba nyingi zimegandamana. Ukiona maelezo hayo kwenye karatasi yako, usiyapite. Huenda ni maambukizi, na hayo yatibiwe kwanza. Huenda pia kinga ya mwili wako inazishambulia mbegu zako mwenyewe kwa kingamwili, yaani protini zinazozishika.

Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, ilhali kinga ilishajifunza kutambua vilivyo vya mwili tangu utotoni. Kwake mbegu ni wageni. Amani hulindwa na kizuizi cha seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu ndani ya korodani. Kikivunjika kwa pigo, upasuaji, uvimbe wa matumbwitumbwi au korodani kujinyonga, kingamwili zinaweza kutengenezwa. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofunga uzazi huwa nazo, na baadhi huendelea kuwa nazo hata mirija ikiunganishwa tena. Mimi korodani ilijinyonga nikiwa mwanafunzi, na hakuna daktari aliyeniuliza hadi nilipolitaja mwenyewe. Kwa hiyo taja yote, hata ya aibu.

Kipimo kifanyike kwenye shahawa. Cha damu hakitoshi, maana kingamwili zinaweza kuwamo kwenye damu bila kushika mbegu hata moja. Cha kawaida huitwa MAR: huonyesha ni asilimia ngapi ya mbegu zinazotembea zimeshikwa. Mwongozo wa WHO wa 2010 uliweka mpaka kwenye 50%: chini ya hapo ni kawaida. Kushikwa kidogo si hukumu. Wapo wanaopata mimba wenyewe.

Daktari mmoja alinipendekezea steroidi za muda mrefu. Nilikataa. Faida yake haijathibitishwa vizuri, na madhara yake ni pamoja na mfupa wa nyonga kufa, adhabu kubwa mno kwa mtu anayetafuta mtoto tu. Na zile vitamini zinazouzwa mitandaoni? Sijaona inayobandua kingamwili.

Kwa hali nyepesi, shahawa husafishwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Kwangu mbegu karibu zote zilikuwa zimeshikwa, tukaenda moja kwa moja kwenye ICSI, njia iliyoanza kuzaa watoto mwaka 1992. Mbegu moja hudungwa ndani ya yai, haihitaji kuogelea wala kupenya ute wa mlango wa kizazi. Ni ghali, na mzigo wa sindano humwangukia mke. Zungumzeni hilo kabla ya kulipa chochote.