Ananing'ang'ania kikwembe mlangoni mwa shule

*Jambo Shangazi. Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na ninauza makala, yaani mkaa, kwenye soko la mtaa wa Kenya. Mwanangu wa kiume ana miaka 3, ameanza matenele, shule ya chekechea, Septemba hii. Kila asubuhi analia tangu tunapotoka nyumbani. Tukifika mlangoni ananishika kikwembe, kitenge nilichojifunga, kwa mikono miwili mpaka mwalimu ambandue. Siku nyingine anatapika. Mama mkwe alinishauri nimpe biskuti, akianza kula niteleze niende asinione. Nilifanya hivyo, na sasa hata nyumbani haniachi niende chooni peke yangu. Baba yake anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi, na anasema nimtoe shuleni tusitupe pesa. Jirani ananiambia nimpe mtoto kitu changu akishike. Kitu hicho kitasaidia, ao ni kumdekeza? — Mama wa Katuba*

Mama, pole sana. Usimtoe shuleni bado, na jirani yako amesema kweli. Lakini nianze na hilo la chooni, maana ndilo linaloeleza mengine yote.

Mtoto wako hajawa mkaidi. Aligeuka na biskuti mdomoni, akatazama, mama hayupo. Siku ile alijifunza kwamba akikuondolea macho unapotea, basi ameamua asikuondolee macho. Na kuna neno umeliandika kwa kupita tu: baba anarudi mwisho wa mwezi. Kolwezi ni kilomita 300 hivi kutoka hapa, na mababa wengi wanaofanya kazi huko huondoka alfajiri watoto wamelala. Kama na mume wako anaondoka hivyo, mwanao ana watu wawili wanaopotea bila kuaga. Kweli, hapo nani asingeshika kikwembe?

Kwa hiyo kuanzia kesho hakuna kuteleza. Umuage, kwa maneno yaleyale kila siku, halafu uende. "Mama anaenda sokoni. Mkisha kuimba wimbo wa kurudi nyumbani, utaniona hapa mlangoni." Usimtajie saa, mtoto wa miaka 3 hajui saa; mtajie jambo atakaloliona. Atalia. Mwache alie mikononi mwa mwalimu wake, wala usirudi kuchungulia dirishani, maana akikuona atajua kilio ndicho kinachokurudisha. Ila mchana wa kutimiza ahadi yako ni muhimu kuliko asubuhi ya kuaga: wiki hizi za kwanza uwe mlangoni kabla darasa halijatoka, hata kama itabidi jirani wa sokoni akushikie biashara.

Sasa hicho kitu cha kushika. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1953 juu ya blanketi na vidoli ambavyo watoto wadogo hung'ang'ania mama asipokuwepo. Hakuviona kuwa ugonjwa wala kudekezwa, aliviona kuwa hatua ya kawaida ya kukua. Nyumbani kwetu tunalijua hilo bila kitabu: mtoto aliyezoea kubebwa mgongoni hulala vizuri akifunikwa kikwembe cha mama, hata mama akiwa mbali.

Basi mtengeneze naye mito miwili midogo, ya kuenea kiganjani mwake. Tafuta kikwembe cha zamani, kile ulichokuwa ukimbebea. Kipya hakifai, kinanuka duka. Na usikifue kwanza! Kama kinanuka makala na sabuni yako, hiyo ndiyo harufu anayoitaka. Jumapili mchana mkae chini kwenye mkeka, yeye achague mahali pa kukata. Kama kuna ndege ao ua analolipenda, mkate hapo. Aweke kiganja juu ya kitambaa, umzungushie alama kwa kipande cha makala, ukiacha nafasi ya mshono. Vipande vinne, viwili kwa kila mto. Wewe shona, yeye ajaze. Fundi cherehani yeyote atakupa mabaki ya vitambaa bure, na mtoto atafurahi kuyasukumiza ndani kwa kidole. Kabla ya kufunga, wewe tia busu ndani ya mto wake, naye atie busu ndani ya mto wako. Usiweke vifungo, shanga wala kamba ndefu. Vya namna hiyo huishia mdomoni na kooni.

Mto wake unaingia mfukoni mwa tabuliye, aproni yake ya shule. Wako ufunge kwenye pindo la kikwembe, pale unapofungia pesa, na aone ukiufunga. Mkikutana mchana, kila mmoja atoe wake. Mwambie mwalimu mapema ili asiunyang'anye akidhani ni mchezo wa darasani. Na ushone wa tatu, uufiche kabatini, kwa sababu wa kwanza utapotea tu.

Lakini usimpe mto halafu ukateleza. Ukifanya hivyo, mto utakuwa biskuti ya pili, na atautupa.

Kutapika nako kusipuuzwe. Kama anatapika hata Jumapili, ao mwili una moto, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria. Ikiwa ni asubuhi za shule tu, mwamshe mapema, anywe uji kidogo bila haraka. Zikipita wiki nne, umeaga vizuri kila siku, na bado hapati usingizi, hataki kula ao anatapika, kaa na mwalimu, kisha mwone daktari wa watoto.

Mume wako ana haki ya kufikiria pesa. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, matenele mnailipa wenyewe. Lakini mwombe asubiri wiki hizo nne. Na mwombe jambo lingine lisilo na gharama: siku ya kurudi Kolwezi amwamshe mtoto, amuage, amwambie atapiga simu usiku, kisha apige kweli.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie amekosea. Alitaka machozi ya mjukuu yakauke. Mpe kazi. Jumamosi mwachie mtoto, uage, uende kununua mkate, urudi. Jumamosi nyingine ukae zaidi kidogo. Na kama macho yake bado yanaona tundu la sindano, huo mto wa tatu mwombe aushone yeye.