Steshenari: ni "stationary" au "stationery"?

Dada, kabla fundi hajachovya brashi, mzuie kwanza. Umeuliza bango la duka lako hapo Masasi liandikwe "stationary" au "stationery". Kwa duka la madaftari na kalamu ni hiyo yenye e: "stationery". Ile ya a maana yake kitu kilichosimama tuli, kama fuso la korosho linalosubiri zamu ya kushusha ghalani tangu jana. Kwa kusikia huwezi kuzitofautisha. Hata Waingereza wenyewe huzikosea.

Mimi nilipofungua kibanda changu Lindi, fundi aliniandikia ya a, kwa herufi nyekundu kubwa. Nilikaa nayo msimu mzima, hadi mwalimu mmoja alipokuja kutoa kopi, akatazama juu, akacheka: "Ndiyo maana biashara yako haisogei!" A moja ilinigharimu kopo zima la rangi.

Ya kukumbukia: "paper" inaishia na er, na "stationery" ya karatasi ina er hiyohiyo. Ajabu ni kwamba asili ya hayo maneno mawili, la a na la e, ni moja. Zamani huko Ulaya, muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, siyo mmachinga wa kuzunguka, aliitwa "stationer", yaani aliyetulia mahali pamoja.

Ukibaki na wasiwasi, mwambie aandike STESHENARI tu. Wateja wataingia vilevile.