Jibu: Baiskeli kituoni Kimara, nifungeje?

Mkuu, umeuliza kama waya wa buku tano unatosha kufungia baiskeli kituoni Kimara, Dar es Salaam, asubuhi, upande basi la mwendokasi hadi Kivukoni, urudi jioni uikute. Hautoshi. Waya ule unakatwa kwa koleo tu. Yangu iliondoka hivyo. Nilirudi nikakuta kipande kinaning'inia kwenye nguzo, plastiki yake ya bluu imekatwa safi kama kwa wembe.

Nunua kufuli la chuma lenye umbo la U. Lipitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, kisha kwenye chuma kilichosimikwa ardhini. Kabla hujafunga, itikise hiyo nguzo, na uangalie juu: ikiwa fupi, baiskeli inanyanyuliwa pamoja na kufuli lake. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, jioni utarudi nyumbani na gurudumu. Tundu la ufunguo lielekee chini. Siti kama inafunguka kwa mkono, fundi akuwekee nati.

Kule Utrecht, Uholanzi, chini ya stesheni kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yana wahudumu, na saa 24 za kwanza ni bure. Sisi bado, kwa hiyo elewana na mwenye kibanda jirani akuangalizie, umpe chochote.

Halafu piga picha namba iliyogongwa chini ya fremu, pale kwenye pedeli. Bila hiyo, polisi utawaambia nini zaidi ya "ni nyeusi"?