Kwa nini sijaliuza lile Peugeot

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa humohumo ndani ya gari unalolisema. Umeuliza: yule bwana wa Arusha anayekusanya magari ya zamani ametaja bei ya kuezeka nyumba upya na chenji ikabaki, mbona mama umekataa? Halafu ukashusha sauti, ukasema unaelewa, ni kumbukumbu ya baba.

Hapo ndipo ulipokosea, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Marehemu baba yako hakulipenda gari hilo. Alilivumilia. Miaka ya 1990, mitumba ya Kijapani ilipoanza kujaa mjini, alileta mnunuzi mpaka uani, nami nikaficha funguo kwenye debe la unga. Tulinuniana wiki nzima. Kwa hiyo usimsingizie marehemu. Mwenye ugonjwa huu ni mimi, na niliupata kabla sijamjua baba yako.

Nilikuwa msichana mdogo kwa bibi yako, Usambara. Kila Pasaka kulikuwa na mashindano ya magari ya Safari, na siku zile magari yalizunguka Kenya, Uganda na kwetu. Pasaka ndiyo masika, unajua njia zetu za milimani zinavyokuwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena 7. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404, kama alivyokuwa 1966 na 1967, alipoendesha Bert Shankland, mzungu aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, kwa hiyo sisi tulimhesabu wa kwetu. Wavulana walikuwa wakigombania kuitwa Shankland kwenye vigari vyao vya mabati.

Basi Pasaka moja 404 likazama kwenye tope chini ya shamba letu. Dereva hakusema neno, alionyesha kwa mkono tu. Tukasukuma, watu wazima kwa watoto. Mimi nilisukuma kwenye buti, kulia, pale penye lile pezi la nyuma. Gari likanasuka, likanipaka tope kuanzia paji la uso hadi magotini, likapanda kilima likilia. Bibi yako alinichapa kwa sababu ya gauni la Pasaka. Sikusikia maumivu hata kidogo.

Hili 404 la kwetu tulilinunua 1982 kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Baba yako alilichukua kwa sababu hakukuwa na jingine. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo hata plagi ilikuwa bidhaa ya magendo. Mafuta nayo ya kupanga foleni, na Jumapili ikishapita saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani. Mimi mwalimu wa shule ya msingi na gari langu tukawa tunatazamana tu uani. Nikafungua boneti kwa upweke.

Sijui kama umewahi kuitazama injini ile vizuri. Imelazwa upande, nyuzi 45, kama mtu aliyejiegemeza akisikiliza hadithi. Kila kitu unakifikia kwa mkono. Mzee mmoja fundi wa Majengo akanifundisha kusafisha kabureta na kupima mwanya wa pointi za cheche kwa wembe. Betri ikifa, unachomeka hendeli kwa mbele unazungusha. Toyota IST yako ikigoma unampigia fundi, naye anachomeka kompyuta, nayo inamwambia jambo ambalo nyinyi wote wawili hamlioni. Siitukani. Inakufikisha kazini. Lakini hakuna kitu humo ambacho wewe umekielewa kwa vidole vyako.

Na difu, ule mtambo wa gia unaozungusha magurudumu ya nyuma! Difu ya 404 si kama za magari mengine. Ndani yake kuna msumari mnene wa chuma wenye hesi, unaozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Shaba hiyo haitaki mafuta ya difu ya kawaida, dawa zilizochanganywa humo zinaila. Inataka mafuta yenye asili ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo, yale bibi yako aliyowanywesha mkifunga choo. Gereji moja mjini, sitaitaja, iliwahi kunimwagia ya kawaida kwa sababu kijana aliona aibu kuniuliza. Baada ya miezi difu ikaanza kulia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Tulipoifungua, meno ya shaba yalikuwa yamelika. Nilipata nyingine Tanga, kwenye mzoga wa 404 uliokuwa banda la kuku. Kuku nilimlipa mwenyewe.

Unajua, nilipokwenda kumuuguza mama yako mdogo Nairobi, alipopata nafuu tulikwenda uwanja wa farasi wa Ngong kwenye yale mashindano ya urembo wa magari, yameanza 1970. Majaji wanainama hadi chini ya gari kutafuta tope. Chini ya gari! Nilicheka hadi mama yako mdogo akanibana kiganja. Lakini nilirudi jioni nikalipiga langu nta, sikatai. Wale watu wanajua kupenda, ila wengine wanapenda hadi gari linakoma kuwa gari. Mwaka 2022 Mercedes ya 1955, ambayo yalitengenezwa mawili tu ya namna ile, iliuzwa euro milioni 135. Nani atathubutu kulitia hilo kwenye mvua?

Sasa yule bwana wako wa Arusha. Ni mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Aliuliza namba ya injini, rangi ya kwanza, kama viti ni vya kiwandani. Akapiga picha nyingi. Mimi nikamuuliza swali moja tu: difu utaiwekea mafuta gani? Akacheka, akasema, "Mama, hili halitatembea tena, litakaa ndani, litunzwe."

Nikammiminia chai ya pili, nikamsindikiza.

Akija anayejua jibu, hata mwenye nusu ya bei ile, nitakupigia kabla sijamkabidhi. Paa lisubiri, masika haya tumeweka ndoo mbili tu.

Ukija Desemba pitia Gerezani, Dar, kwenye maduka ya vipuri, uniulizie gasketi ya silinda hedi ya 404. Watakwambia hakuna. Waambie waangalie chini ya rafu, nyuma.

Mama yako